Tundu Kabla ya Jino

Kisangani, Jumatatu 5 Machi 2001

Kwa papa yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Kabla ya salamu za nyumbani, nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mama. Ufunguo wa karakana ulioniachia ili nifagie na kufukuza panya, nimeutumia kwa kazi nyingine. Kila asubuhi nafunga mlango kwa ndani, navaa aproni yako na kuchonga meno ya bandia kwa nta. Papa, nataka kazi hii. Watu wote wanadhani nasubiri chuo kikuu nikasome sheria, kwa sababu nimepata diploma, na kwa sababu kila anayeniuliza namjibu ndiyo. Unanijua. Nasema ndiyo ili mtu aondoke.

Najua karakana ilikuwa irithiwe na kaka Daudi. Lakini yeye ameifuata almasi, na patasi zako zinashika kutu.

Sasa sababu ya kuandika leo. Docteur Ezéchiel wa kliniki ya meno alikuja Jumamosi, akasimama mlangoni kwa sababu ya matope ya viatu vyake, akaniuliza: "Papa yako iko wapi?" Nikamwambia bado uko Lubunga, ng'ambo ya mto, tangu matanga ya shangazi, na kwamba askari wa bandarini wanaruhusu kuvuka akina mama wenye mboga tu. Akafikiri kidogo, kisha akaniachia, nikutumie, plasta mbili zenye umbo la kinywa cha mwalimu Adeline Kaswera, taya la juu na taya la chini. Unamkumbuka, mwalimu wangu wa kemia, yule aliyekuambia kwamba binti yako anajua majibu ila anayaambia viatu vyake.

Kipande cha bomu cha vita vya Juni mwaka jana kilimng'olea meno ya kuume. Kushoto, meno ya chini ni mazima, lakini gego kubwa la juu halipo, kwa hiyo ya chini hayana cha kusagia. Anakula lituma ya ndizi za kupondwa na uji. Harusini haendi tena, asionekane amekaa na sahani isiyoisha.

Docteur anataka kumpandia skrubu ya titani ndani ya mfupa, na juu yake jino livaliwe kama kofia. Alinionyesha kichupa chake. "Njo ya mwisho," akasema, yaani hana nyingine. Aliileta kabla ya vita, na ndege zinazotua Simi-Simi hazileti vitu vya namna hiyo. Juu ya mfupa huo, papa, kuna pango la hewa. Skrubu ikipita, imepotea. Ndiyo maana anataka kwako kiongozi: kifuniko cha plastiki angavu kinachokaa juu ya meno, chenye tundu moja la kuelekeza keekee. Pembeni ya tundu tuweke gololi ya gurudumu la baiskeli. Upana wake tunaujua, hivyo picha ya eksirei ikiikuza, docteur atajua imekuza na mfupa kwa kiasi gani.

Anakihitaji Jumamosi ya wiki ijayo. Nifanye nini? Barua hii inakuja na mama Sikujua, ndani ya kikapu chake cha majani ya sombe.

Binti yako,
Safiya

*

Lubunga, 8 Machi 2001

Kwa Safiya,

Aleikum salaam. Barua yako ilinuka sombe, nikaisoma kwa njaa. Jambo lako la kwanza nimelisoma mara mbili, kisha nimelikunja. Tutaliongea.

Kazi ya mwalimu tusiiache. Mtu aliyekufundisha hawezi kula uji mpaka kufa. Utaifanya wewe, kwa maneno yangu. Docteur aendelee kuamini kwamba plasta zinavuka mto na kurudi. Mwenye skrubu moja hataiweka mkononi mwa mtoto aliyetoka shule juzi. Si uongo, ni kunyamaza, na kunyamaza unakujua kuliko sisi wote.

Sikiliza sasa. Babu wa babu yako alichonga mipini ya visu kwa pembe za ndovu, na mpaka leo kuna nyumba hapa mjini zenye visu vyake. Alikuwa na sheria moja, nami nimeifuata maisha yangu yote: tundu kwanza, kuchonga baadaye. Ukimaliza kuchonga mpini ukaupenda, halafu ukautoboa, unapasuka, na umepoteza pembe na wiki nzima. Basi pima ufizi pale jino lilipokuwa, tafuta katikati yake, toboa wima. Kisha chonga jino kulizunguka tundu. Jino litatii tundu.

Alama yetu usiiweke. Ile nukta na mstari tunaoweka ndani ya mpini, pale kisu kinapoingia na mnunuzi haoni, hiyo ni ya mwenye karakana. Nitaiweka nikirudi.

Mwambie mama yako chumvi huku ni ghali.

Papa yako,
Yusufu Amuri

*

Kisangani, 12 Machi 2001

Papa,

Asalaam aleikum. Chumvi iko chini ya kikapu, pamoja na dawa ya malaria. Mama ameona mwandiko wako unavyoyumba, akasema ni homa. Mama Sikujua anasema hapana, unakula vizuri na unamcheka mumewe kwenye karata. Lakini kunywa tu.

Nimefanya ulivyosema. Gololi amenipa fundi wa baiskeli za toleka aliye mbele ya soko, akaniuliza kama nafungua karakana ya baiskeli, nikamwambia ndiyo. Nilipima ufizi, nikapata katikati, nikatoboa wima. Docteur alipiga picha kiongozi kikiwa kinywani mwa mwalimu, kisha akanirudishia na kipande cha karatasi: mfupa unatosha skrubu na kubaki unene wa ukucha. Alifurahi. "Salimia muzee," akasema.

Mimi sikufurahi, na ilinichukua muda kujua kwa nini. Nilichonga jino kwa nta kulizunguka tundu, kama sheria, halafu nikafunga plasta ya juu juu ya plasta ya chini ziumane. Jino langu lilikuwa baya. Ili lilifikie jino la chini lilibidi litokeze upande wa shavu kama mkono wa birika. Nikalichonga tena, likatokeza tena. Nikalaumu mkono wangu.

Jana nilikuwa natwanga sombe, nikiwaza hayo, mchi ukapiga ukingo wa kinu, kinu kikainama na mboga ikamwagika. Mama alinisema. Mimi nilikimbilia karakana na mikono ya kijani.

Papa, magego ni mchi na kinu. La juu lazima lipige katikati ya la chini, na skrubu isimame nyuma ya pigo kama mkono nyuma ya mchi. Mwalimu amekaa na pengo hilo miezi mingi, na mfupa usio na jino unaliwa kutoka upande wa shavu. Katikati ya ufizi uliobaki si katikati ya jino lililokuwepo. Tumetoboa ndani mno, upande wa paa la mdomo. Picha ya docteur haiwezi kuonyesha hilo, maana inaona mbele na nyuma na juu, haioni shavu na ulimi. Skrubu ikiwekwa hapo itashika, lakini kila akitafuna itapigwa pembeni, mpaka ilegee.

Nadhani hapa inatakiwa jino kwanza. Nichonge jino zuri linaloumana vizuri, halafu tundu lipite katikati yake, likiinama kidogo ili lisitoke nje ya mfupa. Plastiki haipasuki kama pembe.

Naomba ruhusa yako. Sitafanya bila ruhusa.

Safiya

*

Lubunga, 14 Machi 2001

Kwa Safiya,

Hapana.

Kila mwanafunzi hufika hapo. Mimi pia nilifika. Jino la kwanza linakuwa baya, na badala ya kuchonga tena anatafuta kosa kwenye sheria. Umechoka, au unaogopa. Sheria hii ina umri mkubwa kuliko reli. Peleka kiongozi cha kwanza, jino tutalirekebisha nikirudi.

Wala usimsumbue docteur kwa habari ya vinu.

Papa yako

*

Kisangani, 19 Machi 2001

Papa,

Asalaam aleikum. Nakuandikia nimekaa kwenye kigoda chako, na sijui kama baada ya barua hii nitaruhusiwa kukikalia.

Barua yako ilifika Alhamisi. Siku hiyo kiongozi cha pili kilikuwa tayari, maana ingawa nilisema sitafanya bila ruhusa, mikono ilikuwa imeanza kabla ya barua kurudi. Jumamosi nilivifunga vyote viwili katika kitambaa kimoja. Njiani nilijiambia nitatoa cha kwanza tu na kurudi na cha pili mfukoni. Kweli ndivyo nilivyokusudia.

Mwalimu Adeline alikuwa tayari kitini, na kitambaa mdomoni. Docteur aliuchukua mzigo mkononi mwangu kabla sijaufungua, akafungua mwenyewe. Akavitazama vyote viwili, akanitazama.

"Ni gani ya muzuri?"

Nikamwambia cha pili. Sauti ilitoka ndogo, akaniomba nirudie.

"Papa njo alisema hivyo?"

Papa, hapo ningesema ndiyo. Neno hilo linanitoka bila kuombwa. Angechukua cha pili, ningerudi nyumbani, wewe ungekasirika kidogo na dunia isingejua. Lakini skrubu ni ya mwisho, na mwalimu alikuwa ananitazama. Kama ingelegea, jina lako ndilo lingelegea nayo.

Nikasema, "Hapana, docteur. Papa alisema ya kwanza. Ya pili ni yangu. Plasta hazijavuka mto hata siku moja."

Docteur hakupiga kelele. Alivua glavu, akachukua plasta, akavalisha kiongozi cha kwanza na kupitisha msumari mwembamba kwenye tundu, akafunga taya. Ncha ya msumari iligusa ukingo wa ndani wa jino la chini. Akavalisha cha pili. Ncha ikashuka katikati, kwenye kibonde chenyewe. Akarudia yote polepole, kama mtu anayehesabu chenji yake. Kisha akaitazama picha tena dirishani, akaniuliza kwa nini tundu limeinama, nikamweleza habari ya mfupa wa shavuni. Nilieleza yote, papa, nikimtazama usoni.

Ndipo mwalimu akaondoa kitambaa mdomoni. Alisema, "Docteur, huyu mutoto nilimufundisha miaka mbili. Hakujibu kama sijamuita mara tatu. Leo amejibu bila kuitwa hata moja. Tia yake, tumalize."

Docteur akacheka, akavaa glavu nyingine. Akaniambia nisiondoke, nishike taa.

Imeingia. Picha ya mwisho inaonyesha skrubu imesimama chini ya pango, na ukucha wa mfupa umebaki juu yake. Sasa tunasubiri mfupa uishike, mpaka Agosti.

Nimekukaidi. Sitasema sijafurahi, kwa sababu nimeamua kuacha kusema ndiyo ya uongo, na hapana ya uongo pia. Nasubiri neno lako.

Safiya

*

Lubunga, 10 Aprili 2001

Kwa Safiya,

Sabuni na sukari nimepokea. Mto umejaa. Paa la marehemu shangazi yako linavuja, nalishughulikia.

Salamu kwa mama yako.

Yusufu

*

Kisangani, 20 Agosti 2001

Papa,

Asalaam aleikum. Nimekuandikia mara nyingi, umenijibu habari za paa. Sitakuuliza tena kama umekasirika, nakuletea habari tu.

Docteur alifungua ufizi wa mwalimu. Skrubu haitikisiki. Aliigonga kwa chuma kidogo ikalia kama kengele, akasema sauti hiyo ndiyo anayoitaka. Jino nilikuwa nimeshalichonga tangu Machi kwa nta, lile lile lililotangulia tundu. Nikalimimina kwa madini meupe kwenye tanuri lako, mara ya kwanza likatoka na shimo kama andazi, mara ya pili likatoka zima. Nililing'arisha mpaka nikajiona.

Ijumaa docteur alilivalisha na kulifunga kwa saruji. Mwalimu akauma karatasi ya rangi, na alama ikatokea katikati, nukta moja nyeusi. Docteur hakuwa na cha kusugua. Alinigeukia akasema muzee Yusufu akirudi atakuta mtu amekalia kiti.

Jana mwalimu alituita nyumbani kwake, mimi na mama. Alikuwa amepika makayabo, samaki wa chumvi, na karanga za kukaanga. Tulikaa. Alichukua karanga moja, akaiweka kushoto, akatafuna. Tuliisikia. Mama alitazama pembeni. Mwalimu akachukua nyingine, na nyingine, mpaka bakuli likafika nusu. Kisha akasema, "Basi, mulikuja kunitazama ao mulikuja kula?"

Papa, sijui jina la kile nilichokihisi. Mashehe wanatuonya juu yake, na mama anasema msichana asikionyeshe. Kilinijaa mpaka nikasahau kula.

Jambo moja tu. Tangu Juni wanaume wanavuka bila karatasi ya ruhusa. Jirani yetu Alexis amevuka na kurudi mara kadhaa. Wewe hujavuka. Kama ni mimi niliyekufungia mto, niambie nifanye nini.

Safiya

*

Lubunga, 24 Agosti 2001

Kwa binti yangu Safiya,

Aleikum salaam. Barua hii nimeiandika kwa siku kadhaa, kwa sababu utakazoziona.

Si wewe uliyefunga mto. Wala si askari, tangu mwanzo. Mwezi wa Machi ningeweza kupata karatasi, chifu wa hapa ni rafiki yangu. Sikuiomba. Mkono wangu wa kuume unatetemeka. Ulianza mwaka jana, baada ya mabomu, kidogo tu, nikashika patasi kwa nguvu zaidi ili usionekane. Seti za meno za mwisho nilizompelekea docteur alizirekebisha mwenyewe kwa adabu, hakuniambia, lakini fundi anajua. Shangazi yako alipofariki nilikuja kumzika, na nilipofika ng'ambo nikaona ni rahisi kukaa mahali ambapo hakuna mtu anayenipa kazi. Homa ambayo mama yako aliiona kwenye mwandiko, ndiyo hii. Dawa zake nimezigawa kwa majirani.

Kwa hiyo ulipoandika kwamba kazi imekosewa, nilisikia kwamba mimi ndiye kosa. Nikakuambia hapana bila kuchukua hata viazi viwili nikavitazama vinavyoumana. Mwezi wa tano nilivichukua. Nilichonga viazi kwa kisu cha jikoni, mkono ukitetemeka, cha juu na cha chini. Ulisema kweli. Sheria ya babu ilikuwa ya pembe, kwa sababu pembe hupasuka, na mpini hauumani na kitu. Hakuna aliyetuambia kwamba ni ya pembe tu. Nami nilikufundisha kama dini.

Niliona aibu kuandika. Ndiyo maana ya barua za paa.

Kitu kile kilichokujaa kwa mwalimu Adeline, hata mimi sikijui jina, lakini kimenijaa huku ng'ambo, na nimeisoma barua yako kwa sauti mbele ya wacheza karata mpaka mume wa mama Sikujua akaniomba niache.

Sasa lile jambo ulilolitaja mwanzo, nililolikunja. Nimelikunjua. Nitavuka Jumapili. Kigoda usikiondokee, mimi nitakaa mlangoni nipokee watu na kubishana na Docteur, hilo halihitaji mkono. Mwambie mama yako habari ya mkono kabla sijafika, mimi sitaweza.

Na kama saruji ya docteur ni ya muda tu na jino la mwalimu linaweza kufunguliwa, tia alama yetu ndani yake, nukta na mstari, mahali skrubu inapoingia. Kama halifunguki, basi litakalofuata. Ni yako.

Papa yako anayejivuna,
Yusufu Amuri

*

Kisangani, 25 Agosti 2001

Papa,

Asalaam aleikum. Mama nimemwambia. Akasema alijua tangu ulipoanza kunywa chai kwa mkono wa kushoto, kwamba homa aliitaja tu ili akusitiri, na kwamba mimi na wewe tunadhani yeye haoni. Anapika kuku kwa ajili ya Jumapili. Mimi nimepaka mafuta patasi zote, na mlango siufungi tena kwa ndani. Mtu amekwisha kuja na seti iliyovunjika, akauliza fundi yuko wapi, nikasema nipo.

Kuhusu alama. Jino limefungwa tangu Ijumaa ya wiki iliyopita, kwa saruji ambayo docteur anasema haitafunguka mwalimu akiwa hai. Barua yako imechelewa wiki nzima.

Lakini Alhamisi ile, kabla sijalipeleka, nililigeuza chini ya taa, nikachukua sindano yako nyembamba, nikaweka nukta, nikaweka mstari. Sikuwa na ruhusa. Iko humo sasa, juu ya skrubu, gizani, na kila karanga inapita juu yake.

Docteur hajui. Mwalimu hajui. Wewe ndiye wa kwanza na uwe wa mwisho, papa. Usimwambie mtu.

Safiya Amuri